Vichupa viwili au kimoja? Uzoefu wangu na matone ya presha ya macho

Nimetumia dawa za glakoma, ugonjwa ambao presha ndani ya jicho huharibu neva yake, kwa njia zote mbili. Nilianza na timololi na dorzolamidi, kila moja na kichupa chake. Sasa natumia dawa hizo hizo zikiwa zimechanganywa kwenye kichupa kimoja.

Presha yenyewe haikushuka zaidi. Vipimo vimebaki pale pale, wala sikutarajia vinginevyo, kwani dawa ni zile zile. Anayekwambia mchanganyiko ni dawa kali zaidi anakupotosha.

Kilichobadilika ni siku yangu. Timololi niliandikiwa asubuhi na jioni, dorzolamidi mara tatu, yaani matone 5 kwa kila jicho kutwa nzima. Halafu kuna kusubiri. Kati ya dawa moja na nyingine zipite angalau dakika 5, maana jicho halina nafasi hata ya tone moja zima. Ukiharakisha, tone la pili linalisukuma la kwanza hadi shavuni. Asubuhi tulivu dakika hizo si kitu, lakini ukiamka na safari au mtoto anaumwa, hizo ndizo unazotamani kuziruka. Na glakoma haisamehi, neva ya jicho ikishakufa hairudi. Sasa natia tone asubuhi na jioni, nafumba macho, nabonyeza kona ya ndani karibu na pua kwa dakika 1 au 2 ili dawa isishuke kooni, basi. Tone la mchana, lile la kutafutia faragha kazini, halipo tena.

Macho nayo yamepata nafuu. Dawa nyingi za matone huwekwa kihifadhi cha kuzuia vijidudu, ambacho kikirudiwa mara nyingi huwasha na kukausha jicho. Matone yamepungua, na wekundu wangu wa jioni umepungua pia. Kuchoma kupo bado, pamoja na ule uchungu mdomoni. Hiyo ni dorzolamidi, na kuchanganywa hakuibadilishi tabia.

Hata hivyo nafurahi kwamba daktari alinianzishia vichupa viwili. Dawa moja ikikukataa, inajulikana ni ipi, na inaondolewa hiyo tu. Kwenye mchanganyiko huwezi kuongeza moja ukaacha nyingine. Jambo kubwa zaidi ni timololi: haimfai mwenye pumu wala mwenye mapigo ya moyo ya polepole mno, na ikiwa ndani ya mchanganyiko wenye jina la biashara, mgonjwa anaweza asijue kwamba imo. Soma viambato kwenye boksi, na umweleze daktari habari za kifua na moyo wako hata kama hajauliza.

Kwa aliyezoea dawa zote mbili bila shida, ningependekeza kichupa kimoja bila kusita. Ukishakabidhiwa, ondoa vile vya zamani nyumbani, kwani ukiendelea na timololi pembeni utakuwa unajipa dozi mara mbili.