Darasa la bayolojia la Jumamosi, Tudor: somo limetulia, karatasi irekebishwe

Nimehudhuria vipindi vinne vya darasa la bayolojia linalofanyika Tudor, Mombasa, kila Jumamosi kwa walimu wa sekondari na wanachuo, na mada iliyonipeleka huko ni protini zinazopanga upya kromatini, yaani DNA pamoja na protini inazozungushiwa, wakati kiinitete cha mnyama kinapokua.

Mwalimu alianza na swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka: ikiwa seli ya moyo na seli ya ubongo zina jeni zilezile, mbona hazifanani? Akatoa leso iliyokunjwa, akatutaka tusome jina lake, tukashindwa. Alipokunjua mkunjo mmoja, maneno mawili yakajitokeza. Ndivyo ilivyo DNA, alisema, kwani takriban mita 2 zake zimo katika kiini cha seli moja ya binadamu, na sehemu kubwa imezungushwa kwenye mafundo ya protini 8 ziitwazo histoni, jozi 147 za besi (herufi za DNA) kwa kila fundo.

Kisha tukagawiwa shanga za mbao, mfano wa mafundo hayo, kila moja imezungushiwa uzi karibu mara mbili na kukazwa, tuzisogeze bila kuukata uzi. Vidole viliniuma, na hapo ndipo nilipoelewa vyema kwa nini protini zinazopanga upya kromatini haziwezi kufanya kazi bila kutumia ATP, molekuli inayoipa seli nishati. Mifano nayo ilichaguliwa kwa uangalifu: panya asiye na BRG1, mojawapo ya protini hizo, hufa angali kiinitete, mnamo wakati wa kujishikiza kwenye mji wa mimba, na mtoto mwenye nakala moja mbovu ya CHD7, jeni ya protini nyingine ya aina hiyo, huweza kuzaliwa na kasoro za macho, moyo na masikio kwa pamoja.

Chumba kina joto na feni ni moja.

Kilichonisikitisha ni karatasi ya muhtasari, ambayo imeziweka protini za Polycomb katika orodha moja na Brahma, protini ya nzi wa matunda inayosukuma mafundo kwa ATP. Polycomb hazisukumi mafundo kwa ATP. Hutia alama kwenye histoni na kuikaza kromatini ili jeni za Hox, zinazoamua sehemu ipi ya mwili iote wapi, zibaki kimya mahali zisipotakiwa, ilhali Brahma husaidia kuziacha wazi zinapohitajika. Mwanafunzi atakayeikariri karatasi hiyo atachanganya kazi mbili zinazopingana.

Ada ya shilingi 500 kwa kipindi ni ya haki, nami nitawaleta wanafunzi wangu wa kidato cha nne muhula ujao, mradi karatasi hiyo iwe imeshasahihishwa.