Nguzo za Totem Bight na dereva aliyetaka kuniharibia siku

Msiende Totem Bight, ile bustani ya Alaska yenye nguzo ndefu za mbao zilizochongwa za wenyeji wa asili, na basi la watalii kama lile lililonibeba mimi. Ilikuwa kiangazi, mwaka juzi nadhani, na hasira haijaniisha.

Tuliteremka meli Ketchikan, Alaska, mvua ikinyesha. Dereva ndiye aliyekuwa mwongozaji pia. Kufika tu, akatupa dakika 25. Nikanyamaza. Kwenye nguzo ya kwanza akaigonga kwa mpini wa mwavuli, ko ko ko, akasema, "Hizi ndizo sanamu wenyeji walizokuwa wakiziabudu." Watu wakacheka.

Mimi ni Mgiriama wa Kilifi. Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni yakisemwa juu ya vigango vya wazee wetu, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu, mpaka vikang'olewa na kuuzwa, vingine vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani. Nikamwambia kwa adabu: hakuna anayeziabudu. Nguzo hutaja ukoo, humkumbuka marehemu, husimulia kisa. Akanijibu, "Mama, wewe umetoka Afrika, utanifundisha Alaska?"

Nikamwacha hapo hapo, nikaenda zangu kwenye nyumba ya ukoo.

Mlango wake ni tundu la mviringo, chini, huingii bila kuinama. Ndani hakuna vyumba. Moto huwashwa katikati, moshi hutokea tundu la paani, na kuzunguka pande zote kuna jukwaa la mbao. Nyumba ya namna hii ilikaliwa na watu 30 hadi 50. Niliinamia mbao za mwerezi: kila pigo la tezo limeacha alama yake, vijiwimbi vimepangana kama maji kupwa ufukweni. Na ukuta wa mbele, jamani! Kunguru mkubwa aliyebuniwa na Charles Brown, Mtlingit, mmoja wa wenyeji wa asili wa huko, kila jicho lake lina uso mwingine ndani.

Si nyumba ya kale, na mtu asiidharau kwa hilo. Ni kazi ya mradi wa serikali ulioanza 1938, nguzo za asili zikiwa zinaoza kwenye vijiji vilivyohamwa. Wachongaji wazee wakaitwa, wakawafundisha vijana kwa zana zilizofuata mfano wa zile za zamani. Hapo jirani, Saxman, wako watu waliotoka kijiji cha Cape Fox, ambao nguzo zao zilichukuliwa na msafara wa tajiri Mmarekani Harriman mwaka 1899. Zilirudishwa 2001. Nilihesabu miaka hiyo nikiwa nimeketi jukwaani, nikawaza vigango vyetu ambavyo bado viko ughaibuni, machozi yakanitoka.

Nilikaa kuandika niwaambie msiende kabisa. Nimefuta. Nendeni! Ile ziara naipa sifuri, na nyumba sina nyota za kuitosha. Kodini teksi, ni kilomita kama 16 tu kutoka mjini, mkae hata saa mbili.

Dereva alipiga honi mara tatu. Sikuinuka mpaka nilipomaliza kulia.