Globu ya nje isiyoita wadudu: soma namba ya K kabla hujatoa hela

Vuli ikikaribia malalamiko ni yale yale. Mtu kafunga taa mpya ya barazani, inawaka balaa, mvua ya kwanza tu kumbikumbi hao mpaka kwenye sufuria ya wali, asubuhi ukipiga deki mbawa zinanata kwenye sakafu hazizoleki. Halafu mnaniuliza mpulize dawa gani. Jamani acheni dawa, badilisheni globu.

Wati na miaka ya kudumu siongelei, hayo muuzaji anayaimba mwenyewe. Mimi nataka uangalie namba yenye herufi K tu: 2700K, 3000K, 4000K, 6500K. Hiyo ndo inakwambia mwanga ni wa njano (namba ndogo) au ni mweupe unaoelekea bluu (namba kubwa), na wadudu wengi wa usiku wanaiona bluu vizuri sana, pamoja na mionzi ya UV ambayo sisi hatuioni kabisa, ila nyekundu wengi wao haiwashtui. LED haina UV ya maana, sawa, lakini ile nyeupe ya 6500K imejaa bluu na hiyo inatosha kuwajaza barazani. Na msichanganye weupe na ukali wa mwanga, ukali unapimwa kwa lumeni. Globu ya njano ya wati 9 yenye lumeni 800 hivi inamulika uwanja sawa tu na nyeupe yenye lumeni hizo hizo.

Kwangu namba moja ni LED ya Philips ya 3000K, ukibahatika kukuta 2700K chukua hiyo. Naipendelea na sifichi, kwa sababu K imeandikwa kwenye boksi na ikaandikwa tena kwenye globu yenyewe, pale kwenye plastiki nyeupe juu ya kitako, maandishi madogo lakini yanasomeka, kwa hiyo hata boksi likipotea unajua umeshika nini. Ifungie kwenye kava linaloelekeza mwanga chini. Mwaka 2024 watafiti wakiwemo wa Imperial College London walionyesha kwamba mdudu anayeruka usiku huwa anageuzia mgongo upande wenye mwanga, ndo maana akifika kwenye taa anaizunguka tu hatoki, na mwanga ukitokea chini yake anapinduka na kuanguka. Kwa hiyo zile taa za bustani zinazomulika kwenda juu, hata ziwe na globu nzuri vipi, mimi sizitaki.

Namba mbili ni LED ya njano kabisa, ile ya kama chungwa. Kwa wadudu peke yake inaishinda hata ya kwanza, ila chini yake huwezi kuchambua mchele na nguo zote zinaonekana rangi moja. Iweke getini au chooni cha nje.

Ya 4000K weka jikoni ndani kama dirisha lina wavu. Za rangi tatu, zile ukizima na kuwasha zinabadilika, nyingi zinaanzia nyeupe, na watoto wakichezea swichi ndo hivyo tena. Eneji seva na tyubu za zamani zinatoa UV kidogo na zina zebaki ndani, achana nazo. Za bei chee zisizo na boksi sina cha kusema.

Na ile taa ya bluu ya kuua wadudu usiitundike mnapokaa, inawaita kwanza ndo iwaue, na wanaokufa wengi hata sio mbu. Mbu anafuata pumzi na harufu yako, kwa hiyo globu yoyote utakayonunua, neti iko pale pale.

Sasa wauzaji. Unaingia duka la vifaa vya umeme Kariakoo, rafu nzima ni 6500K, ukiuliza ya njano unaambiwa "dada hiyo ni ya urembo, ya hotelini" halafu anakupandishia bei. Urembo gani? Watu wana watoto wanaoamka ngozi imebabuka kwa sababu ya kile kidudu chembamba chekundu na cheusi, nairobi flai, kinachofuata taa mpaka kitandani, ukikiponda tu sumu yake inaunguza. Na wapo wanaochomeka globu nyeupe kwenye boksi lililoandikwa "warm white", yaani mwanga wa njano, kwa hiyo mwambie kaka akuwashie palepale kaunta, na asipotaka rudisha hela yako mfukoni uende duka la pili.

Wa Mwanza na Bukoba nanyi mmeniuliza kuhusu wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi mwezi ukiandama. Globu ya njano inapunguza, haimalizi. Siku hizo zima ya nje kabisa na ufunge madirisha ya upande wa ziwa kabla giza halijaingia.