Nilivyopimwa utumbo mpana kwa picha

Kilichonipeleka kwenye kipimo hiki ni woga wa sindano ya usingizi, basi. Nina miaka 52, siumwi kitu, ila daktari wangu hapa Tanga alisema umri umefika wa kuchunguzwa saratani ya utumbo mpana. Akanitajia kipimo cha kamera, inayopitishwa njia ya haja kubwa huku umelazwa usingizi, na kingine cha picha za CT scan, mashine ya eksirei inayopiga picha za ndani ya mwili, ambacho mtu halazwi usingizi. Nikasema hicho hicho.

Nikapanda basi hadi Dar, nikafikia kwa dada Temeke. Mie nilidhani ukipigwa picha tumbo halisafishwi. Thubutu! Siku nzima hakuna maharage, hakuna mchicha, hakuna tunda. Nami nimembebea dada furushi la machungwa ya Muheza, nayatazama tu yanavyomenywa. Supu iliyochujwa na chai ya rangi, ndicho chakula. Jioni dawa ya kuharisha. Haluli ya bibi ilikuwa mchezo. Kisha dawa nyingine nzito, ladha kama chaki, ya kuyatia alama mabaki ya choo yasije yakadhaniwa uvimbe. Usiku ule godoro sikulijua.

Kipimo chenyewe hakina makuu. Wanaingiza mpira mwembamba njia ya haja kubwa, kidogo tu, wanakujaza hewa mpaka tumbo linakuwa ngoma. Linabana kama gesi. "Mama, vuta pumzi, ibane hapo hapo." Chali mara moja, kifudifudi mara moja, kama robo saa tu, kwisha. Nikavaa buibui langu nikaondoka kwa miguu yangu, na mchana nikala wali.

Lawama yangu ni moja: pale hospitali hakuna aliyeniambia mapema kwamba picha huona tu, haikati. Majibu yakatoka na kinyama cha milimita 8 kilichoota ndani ya utumbo. Daktari akasema si lazima kiwe saratani, ila baadhi ya vinyama hivyo hugeuka kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo kitolewe. Kukitoa ni kwa kamera. Kuharisha upya, na usingizi niliokuwa naukimbia unaningoja kule kule. Ningekutwa safi, ningerudi baada ya miaka 5.

Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua ugonjwa huu, asihangaike na njia yangu. Aulizie kamera tangu mwanzo.

Nimepangiwa Alhamisi. Dada ameshapiga simu, anaulizia machungwa.