Miaka Miwili na Mbwa Mstaafu wa Mbio: Uzoefu Wangu

Mbwa wetu ni greihaundi, aina ya mbwa wembamba wenye mbio sana, dume aliyezaliwa Ayalandi na kukimbia mbio Uingereza. Tulimpokea miaka miwili iliyopita, akiwa na umri wa miaka sita, kutoka kwa familia ya kigeni iliyomaliza mkataba wa kazi hapa Arusha na kushindwa kuondoka naye. Herufi zilizochanjwa ndani ya masikio yake, ambazo ndizo kitambulisho cha mbwa wa mbio, zinasomeka hadi leo.

Kilichonishangaza kwanza ni uvivu. Mnyama anayeweza kufikia kasi ya takribani kilomita 70 kwa saa hutembezwa nusu saa asubuhi na nusu saa jioni katika njia za Njiro, kisha hurudi kwenye godoro kuukuu la mtoto na kulala chali, miguu juu, hadi wakati wa chakula. Wanangu humlalia ubavuni wakifanya kazi za shule naye hajali. Hata mgeni akigonga geti habweki, kwa hiyo anayetafuta mlinzi atafute mbwa mwingine.

Kasoro yake kubwa ni kuku, jambo ambalo hatukuambiwa. Mbwa hawa huwinda kwa macho, na mafunzo yao yote ni kufukuza sungura wa bandia anayevutwa kwenye reli. Wiki ya pili geti liliachwa wazi kidogo tu, na kabla sijavaa kandambili jogoo wa jirani alikuwa mdomoni. Mama mwenye jogoo alimtazama mbwa, akanitazama mimi, akasema, “Kaka, mimi nilikuwa namwonea huruma nikidhani mnamnyima chakula!” Nililipa. Tangu siku hiyo hatoki nje bila kamba, na hapo tukakuta tatizo lingine: shingo yake ni nene karibu sawa na kichwa, hivyo ukanda wa kawaida huchomoka akirudi nyuma. Fundi viatu wa karibu na soko la Kilombero alinishonea ukanda mpana wa ngozi unaojikaza ukivutwa, nao haujawahi kuchomoka.

Baridi ya Juni na Julai humtesa, kwa kuwa manyoya yake ni mafupi na mwilini hana mafuta ya kutosha. Mke wangu alimkatia sweta la shule lililombana kijana wetu, na ndilo analolala nalo. Kupe tunawatafuta kila jioni, hasa katikati ya vidole.

Jambo zito zaidi ni tiba. Meno ya mbwa hawa huharibika upesi, na ya mbwa wetu yalihitaji kusafishwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Miili yao huchelewa kuvunjavunja baadhi ya dawa hizo, hasa thiopentali, kiasi kwamba kipimo cha kawaida kinaweza kumlaza kupita kiasi, na damu yao ina chembe nyekundu nyingi kuliko za mbwa wengine, hali ambayo daktari asiyewazoea anaweza kuidhania ugonjwa. Daktari wetu wa mifugo, ambaye hakuwahi kumtibu greihaundi hata mmoja, alinisikiliza, akaomba siku mbili za kusoma, kisha akachagua dawa nyingine. Jina la ile isiyofaa sasa limeandikwa kwa wino mwekundu kwenye jalada la kadi yake ya chanjo.