Mashine ya inverta ya kuchomelea niliyofufulia tela: inafaa, ila ile ampea 200 ya kwenye kibati msiiamini

Wakuu, kuna jamaa juzi kaniuliza hii mashine ya kuchomelea niliyochukua Gerezani, kule Kariakoo Dar, ni mashine kweli au ni zile za kuungua wiki ya pili, nikaona niandike tu wote msome maana nina miezi 4 nayo sasa na sijaichezea banda la kuku, nimejengea tela zima.

Tela lenyewe ni la marehemu mzee, la kuvuta na pikap, lilikaa nyuma ya nyumba hapa Morogoro zaidi ya miaka 8 mpaka kuku wakawa wanatagia humo. Sakafu ilikuwa ya mbao, imeoza yote kwa sababu ya simenti na samadi, engo za pembeni kutu imekula hadi unatoboa kwa bisibisi, ila chaneli za chini na ekseli nzima kabisa, chuma cha zamani hicho. Fundi akapiga hesabu, milioni 1 na laki 2, rangi juu yako. Nikasema kwa hela hiyo si ninunue mashine nijifunze, wife akacheka tu akaingia ndani.

Basi nikadaka basi la asubuhi Msamvu, mchana niko Gerezani. Pale usiwe na pupa, mimi walianza na laki 3 na 20, ukizunguka maduka matatu manne wanashuka wenyewe, niliondoka nayo kwa laki 2 na 40 pamoja na kebo zake, kinyundo cha kugongea magamba (ule uchafu unaoganda juu ya mchomo), brashi ya waya na kile kinyago cha plastiki cha kushika mkononi. Kinyago hicho wape watoto wachezee. Nunua cha kuvaa kichwani chenye kioo cha giza namba 11, maana mkono mmoja umeshika rodi na mwingine unatakiwa ushikilie chuma. Warranti ni ya mdomo, "ikisumbua lete", halafu nilivyopiga wiki mbili baadaye kuuliza habari ya feni namba haipatikani, kwahiyo hapo hesabu umenunua wewe na Mungu wako.

Uzuri wake ni mwepesi, unabeba kwa mkono mmoja kama ndoo, sio zile za koili wanazosuka mafundi mtaani ambazo mnabeba watu wawili. Na luku hailambi kama zile, kazi ya siku nzima naimudu. Rodi ya milimita 2.5 ukiweka ampea 75 mpaka 85 kwenye engo ya milimita 4 au 5 inatembea vizuri mno, inawaka mara moja haigandi gandi. Kuna mzee jirani yangu alikuwa welda kiwandani, siku ya kwanza hata hakuangalia ninachochoma, alikaa kwenye kiti anasikiliza tu. "Mwanangu, isikike kama unakaanga samaki. Hiyo yako inatema mate." Nikapandisha kidogo, nikasogeza rodi karibu na chuma, ikaanza kukaanga kweli, na gamba likawa linabanduka lenyewe. Tangu siku hiyo nachomelea kwa masikio.

Sasa tuje kwenye uongo. Kibati kimeandikwa ampea 200. Yule mzee jirani alileta klampu mita yake ya kupimia ampea, ile inayosoma mpaka umeme wa DC unaotoka kwenye inverta, tukazungusha mpaka mwisho, nikachoma, haikufika hata 140. Halafu kimeandikwa asilimia 60, maana yake kwenye kila dakika 10 uchome 6 ipumzike 4, lakini ukiweka juu hivyo na rodi ya 3.2 taa ya njano inawaka dakika ya tatu tu na mashine inakata, unabaki umekaa unaangalia feni. Kwa kazi za rodi 2.5 sijawahi kuona hiyo taa hata siku moja. Kwahiyo mi naihesabu ni mashine ya 130 iliyovaa koti la 200, na kwa bei ile sina kinyongo, ila mtu asikudanganye kwamba utajengea tela la trekta.

Kitu kingine ambacho nilimlaumu muuzaji bure ni umeme. Siku mbili za kwanza rodi ilikuwa inaganda, mashine inalia, nikajua nimepigwa. Kumbe tatizo ni ekstenshen yangu, waya wa 1.5 (milimita za mraba) mita 30 na nusu yake bado imeviringwa kwenye gurudumu lake, nikashika nikakuta wa moto kama pasi, na plagi ya pini tatu imeshaanza kulainika. Nikavuta waya wa 2.5 moja kwa moja kutoka kwenye meni swichi, nikaunyoosha wote, mashine ikawa nyingine kabisa. Kama huna bajeti ya huo waya usinunue hii mashine, serious.

Mabati ya sakafu niliweka ya milimita 2 na hapo nilitoboa matundu mpaka nikataka kulia. Dawa ni kugeuza kebo, ile ya rodi iende kwenye tundu la kutoa (-) badala ya la kujumlisha (+), moto unapungua kuzama kwenye chuma, na unachoma vipande vifupi vifupi huku na kule usije ukakunja bati. Kwa hili inverta inaipiku ile ya koili, maana ile ni ya umeme wa AC, haina kujumlisha wala kutoa.

Reling za pembeni nilitumia mabomba ya galvanaizi (yaliyopakwa zinki) ya skrepa, siku ya kwanza sikuyasaga, usiku nikapata homa na baridi na mdomoni kama nimenyonya sarafu. Mafundi wanasema kunywa maziwa. Maziwa hayazuii chochote, kinachosaidia ni kusaga ile zinki yote kwa grenda mpaka uone chuma, uchomee nje, na ukae upande upepo unakotokea.

Kosa lililoniuma hela ni la klampu ya athi, ile ya kebo ya pili inayobanwa kwenye chuma. Iliyokuja na mashine ni laini na waya wake haufiki hata mita 2, kwahiyo nikawa naibana popote inapofika, siku moja nikabana kwenye habu ya tairi nikachomea juu kwenye chasisi. Umeme ukapita kwenye beringi. Wiki ile ile tairi la kulia likaanza gurugurugu, nikafungua nikakuta beringi ina vidoti vidoti kama imeugua tetekuwanga. Beringi mpya pande mbili, oili sili, grisi, laki nzima na ushee. Bana athi karibu na unapochoma, kwenye chuma kile kile, na kama tela limefungwa kwenye gari chomoa kabisa usicheze na umeme wa gari.

Ekseli yenyewe sikuichomea hata tone, nimeifunga kwa yubolti na springi zake. Zamani ilikuwa katikati kabisa ya bodi na ndio maana marehemu mzee alikuwa akifika spidi 60 tela linacheza singeli huku nyuma. Nimeirudisha nyuma sentimita 15, nikapakia mahindi nikaweka mizani ya duka chini ya shingo ya tela, jumla kama kilo 500 na shingo inasoma 60. Inatakiwa asilimia 10 mpaka 15 ilale kwenye gari, kwahiyo niko ndani, na sasa barabara ya Mikumi linafuata kama mbuzi wa kufugwa.

Shingo na sehemu ya kukamatia boli (ule mpira wa chuma nyuma ya gari) nilipeleka kwa fundi mwenye mashine kubwa, sikuona aibu, pale pakiachia ni maisha ya watu. Minyororo miwili nimepishanisha chini ya shingo, na taa nimefunga plagi ya pini 7 mpya, waya mweupe ndio athi, huo ukilegea ukiwasha indiketa kushoto inawaka na breki.

Jumla mpaka rangi, mashine ikiwemo, imenitoka laki 9 na 70, yani chini ya ile ya fundi na mashine imebaki kwangu. Jirani wa mbele keshakuja kuazima mara mbili. Tela nampa, mashine hapana.