VigiAccess kwa anayemeza dawa ya chunusi: inasaidia wapi, inakwama wapi

Kwenye soko la Kadutu, Bukavu, doxycycline, antibiotiki inayotumika pia kwa chunusi, hununuliwa kwa plaketi, mara nyingi bila boksi wala notisi (karatasi ya maelezo ya dawa). Aliyeandikiwa miligramu 50 au 100 kwa siku kwa ajili ya chunusi, kisha akasikia kwamba inaweza kupandisha presha ndani ya fuvu la kichwa, hana karatasi ya kumjibu. VigiAccess, tovuti ya bure ambayo OMS (Shirika la Afya Duniani) iliifungua mwaka 2015, inaweza kumjibu kiasi. Inachota kwenye VigiBase, hazina ya taarifa za madhara ya dawa kutoka dunia nzima, inayotunzwa Uppsala, Uswidi.

Kuitumia si kazi. Fungua vigiaccess.org, kubali masharti, andika jina la dawa yenyewe, yaani doxycycline. Maandishi ni ya Kiingereza, na hilo ni kero kwa mji unaosoma Kifaransa. Madhara yamepangwa kwa sehemu za mwili: gusa "Nervous system disorders" (mfumo wa neva), tafuta majina ya presha ya ndani ya fuvu: "Idiopathic intracranial hypertension" na "Intracranial pressure increased". Usiishie hapo. Kuvimba kwa neva ya jicho, "Papilloedema", kumewekwa chini ya "Eye disorders" (macho), ingawa mara nyingi hutokana na presha hiyo hiyo.

Sasa zile namba. Zinahesabu taarifa zilizotumwa. Waliomeza dawa bila shida hawamo, kwa hiyo huwezi kupata kutoka humo ni mtu mmoja kati ya wangapi. Doxycycline iko sokoni tangu 1967, tena hutumika kwa kipindupindu na kukinga malaria: taarifa lazima ziwe nyingi. Kila taarifa ni shaka ya mtu, haijathibitisha chochote. Na Afrika ikionekana na chache, maana yake huku hatutoi taarifa, si kwamba vichwa vyetu ni vigumu zaidi.

Kwa swali la "ni nadra kiasi gani", notisi ya Kifaransa kwenye hifadhidata ya dawa ya serikali ya Ufaransa inaishinda VigiAccess. Humo "rare" ni kati ya mtu 1 kwa 10.000 na 1 kwa 1.000, "très rare" ni chini ya 1 kwa 10.000, "fréquence indéterminée" ni kwamba data hazitoshi kukadiria, wala haimaanishi dhara ni dogo. Notisi pia inakataza jambo ambalo VigiAccess haiwezi kukuonyesha, kwa sababu inatafuta dawa moja moja: kuchanganya doxycycline na isotretinoin ya kumeza, dawa nyingine ya chunusi. Hizo mbili pamoja huongeza hatari ya presha hiyo.

Wala tovuti haitakuambia kwamba linaloumiza wengi zaidi ni kumeza kidonge kwa funda moja la maji na kulala papo hapo. Kinakwama na kuunguza koo la chakula. Glasi nzima ya maji, kisha kaa wima angalau nusu saa.

Kichwa kikiuma mfululizo, macho yakififia au kuona vitu viwili, masikio yakivuma kwa mapigo ya moyo, acha kutafuta kwenye simu. Simamisha dawa, muone daktari siku hiyo hiyo, aangalie neva ya nyuma ya jicho. Uoni ukipotea unaweza usirudi. Nenda na plaketi yako. Muuzaji akikukatia vidonge vinne, dai kipande chenye jina na namba ya loti, maana bila jina hakuna tovuti wala daktari atakayejua ulimeza nini.